Kutoka Samuye Hadi Geita, Kwenda Kushindwa

Niliondoka Samuye kutafuta nafasi kwenye timu ya sataranji ya Kanda ya Ziwa. Kwetu hakuna aliyewahi kuipata nafasi hiyo. Sisi tunaocheza kwenye kibaraza cha mashine ya kusaga tulifanya mchujo, nikaibuka mshindi, wakanituma mimi. Mke wangu alinifungia matobolwa, viazi vyetu vya kukausha, akaniambia nisirudi na visingizio.

Asubuhi, Tinde. Nilipanda basi la Kahama nikiwa na kiburi cha kutosha abiria wote. Kagongwa tulisimama muda mrefu, magunia ya mchele yakipakiwa.

Baada ya Kakola vumbi liliingia hadi kwenye meno. Vijana wa machimbo nyuma yangu walibishana kuhusu duara, shimo lao la dhahabu, kama litatema au limewalaghai. Mimi nilikuwa nacheza kichwani, na kichwani nashinda kila mara.

Kesho yake, Geita, ukumbi wa shule. Nilishinda mechi zangu za mwanzo. Ya mwisho, ya kuamua nani anaingia kwenye timu, nilikutana na Mama Kulwa, anayewauzia wachimbaji mabuti. Mama mpole, anacheza huku anapunga upepo kwa kanga. Nilimbana vizuri, kisha sijui kilitokea nini. Mfalme wangu akafa, na nafasi ikaenda.

Mchana, nyumbani kwa Mama Kulwa. Geita wana desturi nzuri na chungu: mshindi humlisha aliyeshindwa, na mchezo unarudiwa mezani. Tulirudia hatua kwa hatua, ugali pembeni. Tulipofika pale askari wangu amebakiza nyumba moja kufika mwisho wa ubao, akanizuia mkono.

“Baba Maduhu, hapa mimi nilishakata tamaa. Kwa nini hukumsukuma?”

“Angekuwa nini? Malkia wangu alikuwa hai, ngome zangu zote zipo. Ningepata farasi tu.”

“Ungepata malkia.”

“Wa pili?”

“Hata wa tatu, ukiwa na askari.”

Nikadhani ananitania. Akamwita mumewe, naye mchezaji, akasema vilevile bila hata kukaa. Nikarudisha tonge kwenye sahani.

Samuye tuna seti moja, na wote tulitoka kwenye drafti. Kwenye drafti unageuza kizibo, umepata kingi. Sataranji haina kizibo cha kugeuza, kwa hiyo tulikubaliana tangu mwanzo kwamba askari akifika mwisho anamkomboa mmoja wa waliokufa. Malkia akiwa hai, unachukua farasi au askofu, unashukuru. Miaka ikapita, tukasahau kuwa ni makubaliano yetu tu. Tulijua ndiyo sheria ya dunia.

Tukasukuma yule askari, Mama Kulwa akasimamisha kifuniko cha chumvi kuwa malkia wa pili. Akajitetea kwa kila njia. Kila njia nilimshinda. Nilicheka, kisha nikaona aibu kwa sababu machozi yalikuwa yananilengalenga.

Njia ya kurudi sikumbuki mchele wala vumbi.

Samuye, jioni ya siku iliyofuata. Wenzangu walikuwa wananisubiri kibarazani. Nilipowaeleza, wengine walicheka, mmoja akasema watu wa Geita wamenidanganya. Shija, mchoma matofali niliyekutana naye kwenye fainali ya mchujo, hakucheka. Alipanga kete taratibu, moja moja, mpaka nikautambua ubao: fainali yetu. Askari wake alikuwa amefika mwisho, malkia wake hai. Siku ile tulimpa farasi, nami nikamshinda.

“Kaa,” akasema.

Nikakaa. Akaweka kizibo cha soda pale alipofika askari wake, akaanza kucheza. Sikumaliza hata hatua tano.

Nilijifunza kwamba unaweza kushinda kijiji kizima miaka yote na usijue unachocheza. Hilo ningelimeza. Lililonishinda kumeza ni kumtazama Shija usoni. Nilimwambia mwakani aende yeye. Nilimaanisha, na iliniuma.

“Hata mwaka huu ilikuwa niende mimi,” akasema, akanipa mkono.