Swali Nililolimeza Mbele ya Mkwe Wangu

Kosa ni langu. Sikutumwa na mtu, sikulewa, sikurogwa. Naliweka mbele kabisa kwa sababu nimechoka kuambiwa "bibi, usijilaumu." Niacheni nijilaumu. Nani mwingine abebe?

Mimi ni mjane, nina wajukuu wakubwa. Nilizaliwa Lipingo, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, nikaolewa huku juu Mkumbi kwa Wamatengo. Kinyasa nilinyonya kwa mama, Kimatengo nilikikuta kwa mume. Shule niliacha darasa la tatu, kwa hiyo mwandiko mtanivumilia. Jina langu msiliandike.

Msimu wa kahawa tunapokea vibarua wa kuchuma. Miaka hii wengi wanatoka ng'ambo, Msumbiji. Wapo waliokuja kwa sababu ziwa lilipanda likala nyumba zao, wakabaki na sufuria na watoto. Wanalala kwenye banda langu, wanachuma kwangu na kwa majirani, kahawa ikiisha wanaondoka. Kiswahili hawana. Wana Kinyasa.

Kati yao alikuwepo binti mmoja na mumewe. Nitamwita Esnati, si jina lake. Alikuwa na mimba, bado ndogo, lakini mwanamke aliyezaa haifichiki kwake. Alikuwa mpole, anachuma haraka, ananiita agogo, yaani bibi kwa lugha ya kwao. Kliniki hakuwa amekanyaga. Aliogopa kuulizwa kitambulisho.

Basi akaja nesi kutoka Mbinga mjini. Kazi yake ni kuwafuata vibarua kama hawa kwenye mabanda, kuwafundisha mambo ya mwili: uzazi wa mpango, magonjwa ya zinaa, namna ya kujikinga. Msichana mdogo, kavaa suruali. Akaniamkia vizuri: "Shikamoo bibi. Nasikia wewe unajua Kinyasa. Utanisaidia kutafsiri?"

Jamani, nilivimba kichwa! Mimi wa darasa la tatu, mkalimani wa serikali! Nikajifunga kitenge kipya, nikakaa kwenye kiti karibu naye.

Sikufikiri kitu kimoja. Mkwe wangu, mume wa binti yangu, ndiye msimamizi wa wachumaji shambani kwangu tangu mzee afariki. Siku hiyo alikuwa amekaa palepale, kwenye gogo, na kofia mapajani.

Wasiotoka huku wataniona mjinga. Kwetu mkwe ni mtu wa heshima. Hata chakula sili mbele yake. Nesi akitaja sehemu za siri, huyo ni mgeni na ni kazi yake. Mimi nikizitaja, mama mkwe mzima, na yeye ananitazama? Hata kama Kinyasa hakijui, Kiswahili cha nesi ameshakisikia, anajua ninachotaja. Heri ardhi ipasuke!

Nesi akaanza. Alisema bila kupepesa, mambo yote akiyataja kwa majina yake. Nami nikawa napunguza. Akisema maneno kumi natoa mawili. Alisema habari ya usaha na vidonda, mimi nikatafsiri, "Anasema oga kila siku." Akasema mwanamke ana haki ya kukataa, nikatafsiri, "Anasema wapendane."

Kisha akaokota gunzi la mahindi pale uani, akatoa kondomu, akaanza kulivisha gunzi, taratibu, kila mtu aone. "Waeleze, bibi."

Niwaeleze nini? Nikasema kwa Kinyasa, "Anasema mtunze mahindi yasiliwe na wadudu."

Mzee mmoja wa ng'ambo, mcheshi, akanijibu, "Agogo, huku kwenu baridi kali hivi mpaka magunzi yanavaa koti?"

Banda zima likaanguka kwa kicheko. Wanawake wakapigana mabega. Nesi naye akacheka, akafikiri somo limeingia. "Wameelewa, eh bibi?" Nikasema, "Wameelewa sana."

Kama ningeishia hapo, ningekuwa mzee mwenye haya tu. Sikuishia hapo.

Nesi akasema, "Sasa maswali. Swali lolote, wasiogope." Hilo nililitafsiri sawasawa, maana halikuwa na aibu.

Esnati akanyoosha mkono. Mumewe akamvuta nguo, Esnati akautoa ule mkono. Akauliza kwa Kinyasa, sauti ndogo lakini ya kusikika: "Mtu mwenye mimba akipata kidonda huku chini, kisichouma, halafu kikapona chenyewe, mtoto hapati shida?"

Hakuna aliyecheka. Ule ulikuwa ujasiri, ndugu zangu. Mimi kwa umri wangu sijawahi kuwa nao.

"Anasemaje?" nesi akaniuliza.

Nilimtazama mkwe wangu. Alikuwa ameinua macho. Kinyasa hakijui, anasubiri Kiswahili kama nesi. Ulimi ukagoma.

Nikasema, "Anauliza kama mtaleta vyandarua."

"Ah, swali zuri. Mwambie tutaleta."

Nikamgeukia Esnati. Angalau ningenyamaza! Sikunyamaza. Nikamwambia, "Anasema kikipona kimepona. Mshukuru Mungu."

Akatabasamu yule mtoto. Akamwangalia mumewe kama kumwambia, unaona?

Jioni ile nilikula ugali wangu nikashiba. Sikuona kama nimefanya kitu. Niliona nimeokoa heshima ya nyumba.

Kahawa ikaendelea kuiva, tukaendelea kuchuma. Tumbo likakua. Siku moja akiwa shambani uchungu ukamshika kabla ya wakati. Tulimpakia kwenye bodaboda, mimi nyuma nimemshika, njia yote mashimo. Tulipofika zahanati, nesi wa zamu alikuwa yuleyule wa gunzi; kumbe siku nyingine hushika zamu hapo.

Mtoto alizaliwa amekufa. Wa kiume. Nilimpokea kwenye kanga yangu mwenyewe. Nimezika watu wengi, lakini yule sijui nisemeje. Mzito kuliko alivyokuwa.

Wakampima Esnati damu. Kaswende.

Nesi akaniambia, "Bibi, muulize, aliwahi kupata kidonda ukeni, kisichouma?" Safari hii mkwe hakuwepo. Ulimi ulikuwa mwepesi, loo! Nikauliza.

Esnati alikuwa amelala, midomo imekauka. Akanitazama. "Si nilikuuliza, agogo? Siku ya gunzi. Ukasema kikipona kimepona."

"Anasemaje?"

Hapo ndipo Mungu alinifungulia mlango wa pili. Nikaufunga kwa mkono wangu. Nikasema, "Anasema aliwahi."

Nesi akakasirika. Si kwa ubaya, alikuwa na uchungu. "Sasa mbona siku ile hakusema? Niliomba maswali mpaka koo likakauka! Angeuliza, angechomwa sindano mapema, pengine huyu mtoto angekuwa analia hapa. Mwambie, bibi. Mwambie ajue."

Nikamwinamia Esnati nikamwambia, "Anakupa pole, mwanangu."

Akautazama uso wa nesi. Akanitazama mimi. "Agogo," akasema, "yule hasemi pole." Akageukia ukutani.

Yeye na mumewe walichomwa sindano. Mtoto tulimzika kwangu, nyuma ya migomba. Hawakungoja msimu uishe. Waliondoka kahawa nyekundu ikiwa bado mtini, na hawakuniaga. Haki yao.

Nilimwambia mkwe wangu, kupitia kwa binti yangu, kwa nini nilisema uongo. Akamtuma mkewe na jibu: "Mwambie mama, angekohoa tu ningetoka. Nami nilikuwa natafuta sababu ya kuondoka. Nilibaki nikidhani nikitoka nitamvunjia heshima."

Kumbe tulikuwa wawili tunaogopana, na katikati yetu kuna mtoto wa mtu!

Padri nimemwambia. Kanipa malipizi, nimesali. Akasema nimwombe msamaha mwenyewe. Mwenyewe yuko wapi, baba? Ng'ambo ni kubwa. Kila kundi likija nauliza, wanatikisa kichwa.

Siku hizi silali usingizi wa kushiba. Nikipita nyuma ya migomba natembea kama mgeni. Kahawa yangu nauza kama watu wote, lakini nimechoka nayo. Nimechoka na maneno yangu mwenyewe.

Msimu huu nesi amekuja tena. "Bibi mkalimani wangu!" Nikamwambia atafute mwingine, kuna mama mmoja bandani aliyejifunza Kiswahili kwa kuuza dagaa. Akacheka, "Umetuchoka, bibi?" Nikasema nimechoka. Akadhani ni uzee. Nilikaa jikoni nikasikia yule mama akitaja kila kitu kwa jina lake, na wanawake wakiuliza, mmoja baada ya mwingine.

Ninyi wenzangu wenye mvi, mnaoitwa kusimama katikati ya mtaalamu na watu wasio na lugha: kama huwezi kulisema neno, kataa kazi. Toa wakwe nje, toa watoto, toa hata padri. Kama bado huwezi, inuka kitini mwache mwingine akae. Aibu yako ni yako. Usimlipishe mjamzito wa watu.

Nawe nesi, nimeshindwa kukuambia uso kwa uso, ndiyo maana naandika hapa. Yule binti uliyemkaripia hakunyamaza. Alinyoosha mkono mbele ya watu wote, mumewe akimvuta nguo. Alikuuliza.