Kumbeba Susu Hadi Chemchemini

Maji ya Susu yaliliwa kwa kijiko. Baada ya kiharusi koo lake lilisahau kazi yake, na maji mepesi, haya ya bomba tunayokunywa bila kufikiri, yangeweza kupita njia isiyo yake na kushukia kwenye mapafu. Kwa hiyo kila glasi niliitia unga mweupe wa dukani, nikakoroga mpaka maji yakawa mazito kama uji wa mgonjwa, kisha nikamlisha taratibu huku nikiitazama shingo yake. Anameza, tunangoja, kijiko kingine. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu katika nyumba moja ya Katy, magharibi ya Houston, na kazi yangu nilikuwa naijua. Hakupata nimonia hata mara moja mikononi mwangu.

Susu ni bibi kwa Kikamba. Yeye alikuwa mama mzee wa Kashmir, aliyeletwa Texas na mwanawe mhandisi baada ya kufiwa na mume. Kiharusi kilimfutia Kiingereza chote kikamwachia lugha ya kwao peke yake. Mimi sikujua neno la Kikashmiri, yeye hakujua la Kiswahili, tukaishi kwa kuelewana macho na kugombana. Jina lake halikukaa vizuri mdomoni mwangu, nikamwita Susu kama ninavyowaita bibi zangu wa Kitui, naye akaliitikia tangu siku ya kwanza. Mwanawe aliniita Sista. Kwao wanawaita hivyo manesi, na kwetu pia.

Aliyachukia maji yale. Aliyashika mdomoni kwanza, akinitazama kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia, halafu akameza kwa sababu kiu haina adabu. Nilikuwa nikimwambia, "Meza, Susu, usinifanye mkatili." Alikuwa ananijibu kwa lugha yake, na nina hakika hayakuwa maneno ya kanisani.

Mwanawe alipoamua kumpeleka Srinagar, mji wake wa kuzaliwa kando ya ziwa, alisema ni kwa sababu msimu wa majani mekundu ulikuwa unakaribia. Sote tulielewa ni sababu gani nyingine. Dada wa huyo mhandisi, anayeishi Dallas, alipinga kwa simu kwa wiki nzima. Alikubali kwa sharti moja tu, kwamba niende nao, na kwamba mama yake asinywe chochote kisichopita mikononi mwangu.

Rafiki yangu mmoja, nesi mwenzangu wa Fort Worth, alicheka mpaka akakohoa.

"Wewe Mkamba, Kashmir unaenda kufanya nini? Uniletee shawl bana, original, si hizi za flea market."

"Naenda kazi, si shopping."

"Sawa, lakini chunga. Huko nje mambo yakiharibika watasema nesi ndiye aliamua, na nesi ni wewe. Usi-risk license yako juu ya mtu wa wenyewe."

Nikamwambia asijali. Nilipakia makopo ya unga ya kutosha kufungua duka.

Lazima niseme jinsi nilivyoziona zile bustani, maana sikuziona kama wageni wengine. Mimi nimekulia mahali ambapo maji hayachezewi. Tuliyabeba mgongoni kutoka mtoni, kamba ya mtungi ikikata paji la uso, na ukimwaga hata kidogo njiani unaulizwa ulikuwa unamtazama nani. Sasa nisimamishwe Shalimar, mbele ya mfereji mpana uliochimbwa kwa amri ya mfalme wa Kimughal, maji yanaporomoka ngazi baada ya ngazi, yanarushwa juu na mabomba madogo, yanarudi chini, na hakuna anayeyanywa wala kumwagilia hata mche mmoja wa mahindi! Niliudhika. Nilisukuma kiti cha magurudumu cha Susu kando ya mfereji ule nikiwalaumu wafalme waliokufa kitambo. Halafu tukafika chini ya michinari, miti minene yenye majani mapana kama viganja, na upepo ukayaangusha mengine mapajani mwake, mekundu, na hasira yangu ikaniishia bila ruhusa yangu. Palikuwa pazuri. Sina neno jingine.

Kesho yake tulikwenda Nishat, bustani inayopanda mlima kwa matuta, ziwa likiwa miguuni pake. Kiti kiliishia tuta la kwanza. Mwanawe alipanda juu peke yake kupiga picha, sisi tukabaki chini na wauza chai na watoto wa shule waliotaka kujua nywele zangu nimesukaje. Susu alitazama ngazi kwa muda mrefu. Hakuonyesha kuudhika, lakini aliushika mkono wangu akaubana, na nilichoweza kufanya ni kumfunika miguu kwa leso yangu ya kujifunga.

Siku ya tatu gari lilitupandisha Pari Mahal. Ni magofu ya mawe juu ya kilima, matao matupu na vyumba visivyo na paa, na maua yamepandwa pale ambapo zamani palikuwa na watu. Kulikuwa na askari wenye bunduki langoni, wapole, waliokikagua kiti cha Susu mpaka chini ya mto wa kukalia. Kutoka pale unaliona ziwa lote na mashua zake, na ngome juu ya kilima kingine ng'ambo. Mimi nilidhani hicho ndicho tulichokuja kuona. Susu hakulitazama ziwa. Alielekeza kidole chini ya kilima, kwenye kichaka cha miti, akaanza kusema, na hakunyamaza.

"Kuna bustani nyingine pale, ndogo," mwanawe alinieleza. "Chashme Shahi. Ina chemchemi. Baba yake alikuwa akimpeleka kila wiki akiwa mtoto, wanarudi na maji nyumbani. Hapa watu wanaamini yanaponya tumbo. Anataka maji yake."

"Atayapata," nikasema. "Tutachota kwenye chupa, nitatia unga, nitamlisha."

"Sawa, Sista."

"Nataka tuelewane."

"Nimesema sawa."

Nilimwamini. Hata leo nadhani wakati anasema alikuwa anamaanisha.

Chashme Shahi ni ndogo kweli, lakini inaanza kwa ngazi, na ngazi zenyewe zinapanda kama za darini. Kiti hakikuwa na la kufanya pale. Mwanawe alikuwa amepasuliwa mgongo mwaka uliotangulia na hakuruhusiwa kuinua hata sanduku. Dereva wetu alijitolea kumbeba, kijana mwenye nguvu na heshima, lakini Susu alipoona mwanamume mgeni anamnyoshea mikono alijifunika uso kwa shali na kutikisa kichwa. Tukasimama hapo chini ya ngazi, watu wazima watatu, hatujui tufanye nini, naye anatazama juu.

Basi nikafanya tunavyofanya kwetu. Nikatoa leso, nikachuchumaa mbele ya kiti, nikamwambia dereva amsogeze kwa kiti tu bila kumgusa, na nikamvuta Susu mgongoni. Nikaizungusha leso chini ya makalio yake na juu ya mabega, nikakaza fundo kifuani. Hivyo ndivyo mama yangu alivyompeleka bibi yangu zahanati. Susu alikuwa mwepesi. Mtungi wa maji ulinishinda zaidi nilipokuwa na umri wa miaka kumi. Wageni walisimama kututazama, mzee mmoja akatuondolea njia kwa kelele, na mama mzee wa Kashmir akapanda bustani ya wafalme akiwa amebebwa kama mtoto mchanga, kidevu chake begani mwangu, akihema karibu na sikio langu. Nilifurahi. Nakumbuka nilifurahi sana, na nikajiona hodari.

Chemchemi yenyewe imejengewa kibanda juu kabisa. Maji yanatoka kwenye jiwe, baridi, safi, na watu wanapanga foleni na chupa zao. Tulipofika mbele nikasimama kwenye sakafu iliyolowa, miguu nimeitanua nisiteleze, mikono yote miwili nyuma nikimshikilia.

"Chupa iko kwenye mkoba," nikamwambia mwanawe.

Aliinama. Hakuchukua chupa. Alikinga viganja, na kwa sekunde moja nilidhani anakunywa yeye. Kisha akanyanyuka, akapita pembeni yangu, akatoka machoni pangu.

Nilihisi shingo ya Susu ikinyooka juu ya bega langu. Maji ya baridi yakanidondokea kwenye mtulinga, yakaingia ndani ya nguo. "Hapana!" nikasema, kwa Kiswahili, mahali ambapo hapakuwa na mtu wa kunisikia kwa lugha hiyo. Nikasema tena kwa Kiingereza. Sikuweza kugeuka, maana nyuma kulikuwa na watu na jiwe lenye utelezi. Sikuweza kuinua mkono, maana angeanguka. Nilimsikia akimeza kwa mgongo wangu. Mafunda makubwa, ya mtu mwenye kiu ya miaka, na kila funda lilipita kati ya mabega yangu kama linapita kwenye mwili wangu mwenyewe. Nilikuwa nesi wake na sikuwa na hata kidole kimoja cha kumsaidia. Nikangoja apaliwe.

Hakupaliwa. Alicheka. Halafu akasema kitu, na mwanawe akaanza kulia mbele ya foleni nzima.

"Amesema nini?" nikauliza. 

"Amesema hayajabadilika."

Nilimshusha Susu ngazi zote hadi kwenye kiti. Jioni nilimsikiliza kifua, mbele na nyuma, na asubuhi tena, na kila siku iliyofuata. Mapafu yalikuwa safi. Niliingoja nimonia kwa saa na kwa siku, nikimchukia mwanawe kwa ajili yake, na nimonia haikuja.

Kilichokuja sikukitarajia. Asubuhi baada ya chemchemi nilikoroga maji yake kama kawaida, nikamletea kijiko, naye akafumba mdomo. Nikadhani ni madeko. Mchana akafumba. Nikabadilisha kijiko, nikatia asali, nikaimba, nikamgombeza, nikamwomba. Hakunigombeza tena. Aligeuza uso pembeni kwa upole, kama mtu anayekataa chakula nyumbani kwa watu asiotaka kuwaaibisha. Chai nzito alikataa, mchuzi mzito alikataa. Alikuwa ameyakumbuka maji, na kile nilichompa hakikuwa maji.

Tulirudi Houston mapema. Hospitalini walimtundikia dripu, wakampima tena koo, na koo halikuwa limepona hata kidogo. Siku ile kilimani ilikuwa bahati tu. Daktari aliwaeleza watoto wake mambo mawili. Wangeweza kumwekea mpira wa kumlishia tumboni. Au wangeweza kumpeleka nyumbani na kumpa anachotaka, kwa jinsi anavyotaka, wakijua yatakayofuata.

Binti yake aliendesha gari kutoka Dallas bila kusimama. Aliingia jikoni Katy na funguo bado mkononi.

"Wewe ndiye nesi," akaniambia. "Walipompa yale maji ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale pale. Nilikuwa nimembeba."

Alinitazama akingoja niendelee.  Rafiki yangu wa Fort Worth alikuwa amenionya kwa simu, "Usi-comment, wewe jibu tu unachoulizwa," lakini si kwa sababu hiyo niliishia hapo. 

Walibishana siku nyingi, ndugu hao wawili, kwa sauti ya chini sebuleni, mara Kiingereza mara Kikashmiri. Mpira, hapana mpira. Mara mbili waliniita wakaniuliza ningekuwa mimi ningefanyaje, na mara mbili nikajibu kwamba si mama yangu. Lilikuwa jibu sahihi na lilinichoma. Katikati ya hayo Susu alikauka. Midomo ilipasuka, ngozi ya mkono ukiivuta ilibaki imesimama. Niliilowesha midomo kwa pamba, na alikuwa anaifyonza pamba kwa nguvu iliyonitia uchungu.

Alasiri moja binti alisema atamlisha mwenyewe. Alinifukuza kwa adabu kutoka kando ya kitanda, akakoroga unga, akakaa. Nilibaki mlangoni. Alijaribu kijiko kwa kijiko, akimbembeleza kwa lugha yao, na mama yake alikuwa akimpapasa shavu kwa mkono wake mzima, ule ambao kiharusi hakikuugusa, huku amefumba mdomo. Binti alilia bila kutoa sauti. Mwishowe akainuka, akaenda jikoni, nikasikia bomba likifunguliwa. Alirudi na glasi ya maji matupu. Kaka yake alikuwa ameingia na kusimama nyuma yangu.

Alifika mpaka kitandani. Susu aliiona glasi, akaanza kujiinua kwenye mito. Binti alisimama hapo, maji yanamwagika kidogo kidogo kwenye shuka. Kisha akageuka akaninyoshea.

"Mpe wewe, Sista. Mimi siwezi."

Niliipokea. Nikamkalisha Susu wima, nikamwinamisha kidevu kama tunavyofundishwa, nikamwekea glasi mdomoni. Alikunywa kwa pupa na safari hii akapaliwa. Alikohoa mpaka uso ukabadilika rangi, na mimi nikamsugua mgongo kwa sababu hakukuwa na kingine cha kufanya. Binti yake aligeukia ukuta. Pumzi ilipomtulia nilimfuta kidevu, nikadhani imetosha. Susu akafungua mdomo tena, akanitazama, akangoja. Nikampa.