Samaki Aliyempenda Rehema

Enzi zetu pale mtaani kwetu Kikuyu, samaki alikuwa kitu cha kukaangwa. Ndiyo maana siku baba aliporudi na samaki mmoja wa rangi ya dhahabu, akiogelea ndani ya ndoo ndogo, mama alimtazama samaki, kisha akamtazama baba. "Huyu hata mboga ya mtu mmoja hatoshi," akasema. Baba alikuwa tarishi, na bosi wake aliyehamishiwa Mwanza ndiye aliyemwachia.

Mimi na mdogo wangu Rehema tulimweka kwenye bakuli la kioo ambalo mama alilitunza kwa kachumbari ya sikukuu. Nilikuwa darasa la nne, na kazi ya kumlisha ilikuwa yangu. Kila asubuhi, fagio la shule kwapani na kidumu cha maji mkononi, nachelewa kuhesabu namba shuleni kwa sababu ya kumsagia mkate. Na yeye je? Nikisogea, anakimbilia upande wa pili. Rehema akitumbukiza kidole tu, huyo anakuja kukidonoa. "Dada, ananibusu!" anapiga kelele nyumba nzima isikie. Niseme ukweli: nilimchukia mdogo wangu kwa ajili ya samaki wa ukubwa wa kidole gumba.

Nikajipa sababu kwamba hanioni vizuri, maji ni machafu. Maji ya bomba yakikatika tulinunua maji ya mkokoteni, ya rangi ya chai ya maziwa. Mama alikuwa anazungusha shabu kwenye pipa, lile jiwe jeupe linalofanana na chumvi ya mawe, tope linalala chini, maji ya juu yanang'aa. Basi Jumamosi moja mama akiwa sokoni, nikalichukua lile jiwe nikalizungusha ndani ya bakuli, samaki humo humo. Maji yaling'aa kweli. Kufika mchana, samaki alikuwa anaelea ubavu juu.

Mama hakuuliza sana. "Si nilikwambia uache kumshikashika?" Rehema akachapwa kwa mwiko, na alivyolia, alimlilia samaki, siyo mwiko. Mimi nimesimama mlangoni, kimya. Na moyoni, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba hakuna tena wa kumbusu.

Sasa nina binti yangu, Salma, miaka sita. Mwezi uliopita Rehema, ambaye anaishi Ipagala, alimletea samaki wawili wa namna ile ile, na tangi la kioo, kimashine cha kupuliza hewa, taa ya bluu, chakula cha kwenye kopo. Watoto wa siku hizi! Samaki ana taa yake, na mtoto anamtazama dakika mbili, anarudi kwenye simu kulisha paka asiyekuwepo. Lakini Rehema akibisha hodi, simu inatupwa. "Mama mdogo! Mama mdogo!" Mimi niliyemzaa sijawahi kupigiwa kelele hizo. Jumapili nikawa natazama migongo yao miwili imeinamia tangi, na ile hasira ya darasa la nne ikanipanda upya.

Salma akatumbukiza kidole. Rehema akamvuta mkono haraka. "Usiguse, mwanangu. Mama mdogo wako aliwahi kuua samaki kwa kidole."

Miaka yote hiyo, bado anaamini.

"Hukumuua wewe," nikasema. "Ni mimi. Nilimtia shabu."

Kwanza alicheka. Kisha akaniangalia usoni. "Kwa bahati mbaya?"

"Kumuua, ndiyo. Kunyamaza, hapana. Nilikuwa nakuonea wivu."

"Nilichapwa, dada."

"Najua."

"Nikawa naogopa hata kushika vifaranga vya bibi." Akachukua mkoba wake akaondoka, chai akaiacha mezani. Salma akaniuliza nimemfanya nini mama mdogo.

Nimempigia tangu siku hiyo. Inaita tu. Zamani tukigombana, hakukuwa na pa kwenda: kitanda kimoja, shuka moja, yeye anavuta na mimi navuta, mpaka mmoja acheke. Ugali ulikuwa sinia moja, na mkono wake lazima ugongane na wangu kwenye mlenda. Leo kila mtu ana geti lake, na simu anayoweza kuiacha iite. Nina hasira, kwanza na mimi mwenyewe. Na wale wasichana wawili wa Kikuyu, waliolazimika kupatana kabla hakujapambazuka, nawaonea wivu kuliko nilivyowahi kumwonea mtu yeyote.