Sifuri ya Mbele

Simu ya Injinia iliita saa nne asubuhi, akiwa kazini mbele ya kompyuta. Shemeji yake hakuzungusha maneno. "Dada yako ametutoka. Alfajiri hii. Njoo."

Kabla machozi hayajafika, ilifika aibu. Alijiona kama mtu aliyekamatwa na kitu cha wizi mkononi.

Dada mtu alitunza masjala ya zahanati kwa miaka ishirini na sita. Chumba chake kilikuwa na rafu za chuma, stuli moja na dirisha dogo la kuhudumia watu. Mgonjwa akifika bila kadi, alimtazama usoni tu, akaenda moja kwa moja kwenye rafu yenye faili lake. Ndiyo maana walimwita Mama Faili. Kila asubuhi aliweka kiganja juu ya daftari la siku, akasali kimya, kisha akafungua dirisha. "Haya, nani anaumwa zaidi?"

Mdogo wake ndiye aliyeletwa kuhamishia kumbukumbu hizo kwenye kompyuta. Aliikalia stuli ya dada yake na kumweleza kwamba kila safu ya jedwali lazima iambiwe mapema itabeba nini. Jina ni maandishi. Siku ya kuzaliwa ni tarehe. Kama mtu ana mume au mke, ni ndiyo au hapana. Namba ya faili ni namba.

"Na mjane," akauliza dada, "huyo ni ndiyo au hapana?"

"Dada, usinichoshe bwana."

"Na asiyejua tarehe aliyozaliwa?"

"Muwekee tarehe mosi Januari."

"Basi siku hiyo nusu ya mji itakata keki!"

Wauguzi wawili waliokuwa mlangoni wakaangua kicheko. Dada akapunguza sauti. "Ila hii ya faili, Injinia wangu, iweke kwenye maandishi kama jina. Kwani kuna mtu anajumlisha faili? Za watoto zinaanza na sifuri. Jana nimeandika moja, mashine imeila sifuri yake."

Alikuwa sahihi, na mdogo wake alijua. Lakini wauguzi walikuwa bado mlangoni, naye hakutaka kusahihishwa mbele yao na mtu aliyeishia kidato cha pili. "Dada, wewe baki na kalamu zako. Mashine niachie mimi." Safari hii walimcheka dada.

Miezi mitatu baadaye mtoto wa faili 0417 aliletwa na homa. Mashine ikafungua 417, faili la mzee mmoja fundi viatu. Foleni ilikuwa ndefu. Muuguzi hakusoma jina, aliangalia tu kama kuna onyo la dawa. La mzee halikuwa na onyo. La mtoto lilikuwa nalo. Mtoto akachomwa sindano isiyopatana naye, akavimba uso na koo. Mungu alimnusuru, lakini kikao kikaitishwa.

"Nani kakosea?" mkuu wa zahanati aliuliza.

Mdogo mtu aliitazama meza. "Labda wakati wa kuingiza," akasema.

Ilitosha. Aliyeingiza alikuwa dada. Aliondolewa masjala, akapelekwa stoo ya mashuka, akastaafia huko. Injinia alirudi Jumamosi moja, zahanati ikiwa tupu, akaibadili ile safu iwe ya maandishi na kurudisha sifuri zote. Ilikuwa kazi ya mchana mmoja. Dada hakumshitaki kwa mtu. Kila walipokutana alimuuliza, "Umekula, Injinia?" na swali hilo lilimchoma kuliko tusi.

Sasa, msibani, shemeji alimpa karatasi. "Wewe ndiye msomi wetu. Andika wasifu wake, kesho uusome."

Aliandika vizuri mpaka alipofika kwenye masjala, kalamu ikagoma. Angeweza kuandika "akahamishiwa stoo" na kuendelea, dada yake akazikwa na doa lisilo lake. Alimwomba Mungu ampe maneno mazuri. Hakupewa. Aliandika aliyokuwa nayo.

Kesho yake alisimama kando ya jeneza. Mkuu wa zahanati alikuwa amekaa mstari wa pili, wauguzi nyuma yake.

"Alihamishwa kwa kosa langu," alisoma. "Aliniambia namba ya faili si ya hesabu, nikamdharau. Mtoto alipoumia nikamwachia yeye lawama. Hakukosea. Ni mimi."

Mkuu akavua miwani yake. Nyuma, muuguzi mmoja akasema, "Na sisi tulicheka."

Shemeji hakumtazama usoni. "Maliza kusoma," alimwambia.

Akamaliza: watoto watatu, wajukuu watano, miaka sitini na mmoja.

Walifika makaburini saa tisa. Mchungaji alisoma, wakaimba wimbo mmoja. Jeneza likashushwa kwa kamba. Injinia alishika upande mmoja, shemeji upande wa pili. Watoto wa marehemu wakatupa udongo kwanza, wakafuata wajukuu, kisha yeye. Wanaume wakafukia kwa koleo. Msalaba ukasimikwa, wakasali Baba Yetu, na watu wakaanza kurudi kwa miguu.