Kambale wa Baba Mkwe

Juzi nilikuwa duka la dawa pale Kibaoni. Juu ya kaunta pana tangi dogo la kioo, limepandwa majani, na ndani mna visamaki vyembamba kama njiti za kiberiti. Akaingia baba mkwe wa dada muuzaji, katoka Chita, mkononi kindoo chenye kambale wa urefu wa kidole.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Hawa samaki wako wanyonge sana, nimewaletea mwenzao."

Akainua kindoo amimine. Yule dada akafunika tangi kwa kiganja. Kambale humeza chochote kinachoenea mdomoni, lakini zawadi ya mkwe hairudishwi.

"Unanizuia?" Mzee alikunja uso.

Dada akapiga goti, akapokea kindoo kwa mikono miwili. "Baba, ukija kwetu huwa nakulaza na watoto?"

"Hapana."

"Basi na mgeni wako nampa chumba chake." Akavuta beseni, akammimina humo.

Mzee akachungulia beseni, akaitikia kwa kichwa.

Nasikia huko Chita anajisifu kwamba samaki wake ana nyumba nzima mjini. Sisi wengine bado tumepanga.