Stesheni ya Wageni

Baba yangu, Abdulkadir, ni fundi cherehani wa hapa Shella, Malindi, na maishani mwake amependa vitu vitatu: Mola wake, mke wake, na magari yenye mgongo mrefu. Gari la saluni, lile la mgongo mfupi, alilidharau. "Gari lisiloingia mkeka, sufuria ya pilau na watoto sita, hilo ni kiatu," alikuwa akisema. Mteja aliyekuja kwa saluni alipimwa suruali huku akipewa mawaidha.

Lake lilikuwa Pijo jeupe la safu tatu za viti, kuukuu alipolinunua, kuukuu zaidi nilipozaliwa mimi. Aina hiyo watu huiita stesheni wagoni. Mama yangu, Kaltuma, alisikia "stesheni ya wageni", na hakuna aliyemsahihisha, kwa sababu ndivyo lilivyokuwa. Kila Idi lilitupeleka Mambrui kwa bibi, na Baba alimpakia kila aliyetupungia mkono njiani. Mimi, Rufaida, kitinda mimba, nilikaa nyuma kabisa, nikinuka iliki na petroli.

Kisha Mama akaanza kusahau. Kwanza chumvi, halafu sala, halafu sisi. Mwaka jana gari nalo likazimika, likabaki uani, matairi yamelala. Lakini tulipomketisha Mama kwenye kiti cha mbele, alikuwa akitengeneza buibui lake na kuuliza, "Rufaida ameingia? Mlango wake umefungwa?" Humo ndimo alimokula. Ndani ya nyumba alitema, akalia, akataka arudishwe kwao. Ndani ya gari alimaliza sahani. Kwa hiyo mara tatu kwa siku nilimbeba, nikamtoa, nikamrudisha. Ndugu zangu watano hupiga simu kutoka Mombasa na ng'ambo kuuliza hali. Mgongo unaouma ni wangu.

Siku moja akaja Gitau, mnunuzi wa vyuma chakavu mwenye uwanja wake Barani. Alikuwa na mwezi mmoja tu pwani, mtu mpole. Alilizunguka lile Pijo, kisha akauliza, "Nikuje Jumatatu nilichukue, mzee?"

Baba aliweka mkono kifuani. "Inshaallah, mwanangu. Karibu kahawa."

Hapa sina budi kueleza, maana msiba wote umo ndani ya neno hilo. Baba ana inshaallah mbili. Moja ni fupi, huja na kutikisa kichwa, na hiyo unaweza kuiwekea wali jikoni. Ya pili huvutwa polepole, mkono kifuani, ikafuatwa na kahawa. Hiyo ni hapana, iliyofunikwa vizuri ili mgeni asirudi kwake na aibu. Hapa mjini hata mtoto anajua. Gitau alikunywa kahawa, akashukuru, akaenda zake na furaha.

Jumatatu Baba alikwenda Kilifi. Alikuwa amesikia kuna fundi kule mwenye kabureta ya Pijo, na aliondoka na kanzu iliyopigwa pasi kama anakwenda kuposa. Lori likafika saa nne.

"Mzee alisema inshallah," Gitau aliniambia, kofia mkononi.

Hakukosea kitu. Neno moja kutoka kwangu lingetosha. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini asubuhi ile Mama alikuwa amenikwaruza uso, akajikojolea mikononi mwangu, akaniita mwizi. Sitasema sijui nilipatwa na nini. Najua. Nilichoka, nikafungua lango.

Walilikata palepale uani, maana halikuvutika. Mama alikaa kwenye baraza akitazama zile cheche. "Na wageni je," akauliza, "watashukia wapi?"

Baba alirudi alasiri amekumbatia kabureta ndani ya gazeti. Alisimama juu ya doa la oili.

"Ulikuwapo?"

"Nilikuwapo, Baba."

"Ukamwambia maana yake?"

"Sikumwambia."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Aliiweka kabureta juu ya cherehani, akaenda kuswali.

Gitau aliposikia, alirudi mbio na kile kiti cha mbele, macho yamemjaa machozi. Tulikiweka uani mahali pake pale pale. Mama alikaa, akapapasa hewa pembeni, akapiga ukelele. "Mlango uko wapi? Mtoto ataanguka!" Tangu siku hiyo hakanyagi uani.

Leo ni siku ya tisa. Anameza maji ya sukari na kijiko kimoja kimoja cha uji, na mwingi humwagika. Daktari amekuja, akasema tumbembeleze. Mikono yake imekuwa myepesi mno, na mimi niliyelalamika kumbeba sasa naogopa kumnyanyua. Namwogopa Mungu, na nalitamani lile gari kwa uchungu nisiojua pa kuupeleka.

Jana Baba alipokuwa akimfuta Mama kidevu, nilipiga magoti, nikaubusu mkono wake. "Baba, nimekosa. Utanisamehe?"

Aliweka kijiko chini. Akanitazama kwa upole, kama wanavyotazamwa watu wa mbali, na mkono wake ukapanda kifuani.

"In-shaa-llaah, mwanangu," akasema polepole. "Karibu kahawa."