Mtumbwi Ulioletwa Jua Likizama

Namshukuru Mungu wangu, aliyenilinda majini na nchi kavu hadi nikaona wajukuu. Sifa zote ni zake.

Nakumbuka Ijumaa moja, ningali kijana hapa Muhuru Bay. Nilikuwa nimemuuza fahali wa pekee aliyeniachia marehemu baba, ili ninunue mtumbwi na niache kuvua katika vyombo vya wengine. Jua likikaribia kuzama, akaja mtu akipiga kasia, mtumbwi wake uking'aa rangi ya buluu. Alisema ametoka Mfangano, mkewe ni mgonjwa, anauza kwa nusu ya bei.

"Omera, ndugu yangu, amua sasa," akaniambia. "Jua likizama, wewe Msabato hushiki pesa. Na kesho ukiwa kanisani, kuna mtu wa Homa Bay atauchukua."

Mjukuu wangu, ona ujanja huo. Alikuwa ameichunguza imani yangu, nami sikuwa nimeuchunguza mtumbwi wake. Mkono wangu ulikuwa tayari mfukoni.

Hapo akatokea Mzee Okelo, mzee wa kanisa letu, ametoka kuoga ziwani kujiandaa kwa Sabato. Akagusa ubao, kidole kikatoka na rangi mbichi.

"Ukiona vyaelea, vimeundwa," akasema. "Huu fundi wake nani?"

"Alishakufa, jaduong', mzee wangu."

"Na ufuo wake?"

"Ni mbali."

"Hata mbali kuna jina."

Yule mtu akanigeukia. "Kwani anayenunua ni wewe ama babu?"

Mzee hakukasirika. "Mgeni wetu, lala kwangu, kuna kuku. Kesho tusali wote. Jumapili tutakusindikiza kwenu tumwombee mkeo, na kijana akulipe mbele ya majirani zako."

Mgeni akashukuru sana, akasema anakwenda kufunga kamba vizuri. Punde tukamwona katikati ya maji. Mfangano iko kaskazini. Yeye alikata kusini, upande wa Tanzania.

"Umenifukuzia bahati," nikalalamika.

"Mwanangu, Sabato ni ya kupumzika," akanijibu. "Mtu akikuharakisha kwa ajili yake, ujue si Mungu anayekuharakisha."

Nilinuna Sabato nzima, hata nyimbo sikuimba. Siku chache baadaye wavuvi wa Mfangano wakafika wakitafuta mtumbwi wao ulioibwa. Ningeununua, ningepoteza fahali na mtumbwi, na jina la mwizi ningebaki nalo. Baadaye nilipata mwingine Homa Bay, wa zamani, wenye viraka, lakini ufuo mzima ulimjua mwenyewe. Ndio uliowasomesha baba zenu.

Siku hizi mnauziana kayaki zilizotumika, vile vyombo vidogo vya kasia, kwa picha za simu. Si vibaya. Lakini kuuliza si ujinga. Nenda ukaione pale inapolala, uitie majini uikalie, umuulize muuzaji aliipata kwa nani, na majirani wasikie. Usitume hata shilingi ya kushikia kitu ambacho hujakigusa. Nawe ukiuza, usiiachilie kwa sababu umeonyeshwa ujumbe wa malipo. Tazama kwanza salio lako mwenyewe. Anayekataa usiku mmoja wa kusubiri, mwache aende na chombo chake. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Mungu akupe wewe unayesoma chombo kisichovuja na usingizi usio na deni. Uvuke salama, na utakaowakuta ng'ambo wafurahi kukuona. Amina.